Mwaka wa Kwanza Bila Chupa za Jumamosi

Alhamisi hii mwaka umetimia, Baba, tangu ulipokaa kwenye ngazi ya mlango kuvua viatu na usiinuke tena. Kiatu kimoja kilikuwa mguuni, kingine mkononi. Mama alikuwa jikoni, akakuita mara mbili, akadhani unamfanyia mzaha kama kawaida yako. Daktari alisema ni moyo. Sisi tulijua siku zote kwamba una moyo, hatukujua tu kwamba umechoka.

Wenzangu wamenipa kalamu mimi, mtoto wako wa pili, kwa sababu wanasema ndiye niliyerithi mdomo. Kaka alitaka mistari mitano na picha, kama watu wanavyofanya gazetini. Nikamwambia mistari mitano haitoshi hata kukieleza kikohozi chako. Basi tunakuandikia kwa kirefu, na majirani wakitaka kusikiliza, karibuni, hakuna siri tena.

Miaka thelathini na mmoja ulikuwa fundi wa maabara katika shule ya binafsi iliyo nyuma ya nyumba yetu. Watoto walikuita mwalimu, ukawasahihisha kila mara: "Mimi ni fundi. Mwalimu anasema, fundi anaosha." Wakaamua kukuita Bwana Chupa, na jina likakuganda mpaka msibani, ambako mzee mmoja alisimama kutoa rambirambi akalitafuta jina lako halisi, akalikosa, akakaa.

Nyumbani kila kitu kilikuwa na karatasi yake: chumvi, sukari, mafuta ya taa, pamoja na tarehe ya kufunguliwa. Shangazi alipokuja kututembelea aligoma kunywa maji kwa sababu jagi lilikuwa limeandikwa MAJI. "Kwani yanaweza kuwa nini kingine?" akauliza. Ukamjibu kwamba hilo ndilo swali ambalo kila mtu angepaswa kujiuliza kabla ya kunywa. Shangazi akaishi kwa soda siku tatu.

Ukishafunga mlango ulikwenda hatua chache, ukarudi kuujaribu, ukaenda, ukarudi tena. Msemo wako ulikuwa mmoja: kipimo cha kwanza ni tetesi, cha pili ni shahidi, cha tatu ndiyo hukumu. Mama alikuwa akisema ndiyo maana ulimposa mara tatu. Na wewe ukisema hapana, ni kwa sababu mara mbili za mwanzo yeye alikataa, na hapo wote wawili mlicheka peke yenu, sisi tukiwatazama.

Mtaani kwetu shule ile ilikuwa ukuta tu. Ukuta mrefu uliopakwa chokaa, juu yake vigae vya chupa, na kila asubuhi honi za magari yaliyoleta watoto kutoka mbali. Sisi wanao tulisoma shule ya kutwa ya serikali, ng'ambo ya barabara. Mama alikutania bila kuchoka: "Hiyo shule yako inatufaa nini sisi huku nje, zaidi ya kutuamsha?" Ulipuliza chai yako.

Jibu ulilipata kwenye daftari langu. Nilikuwa nimechora taa ya maabara vizuri sana, na mwali wa moto nikautia rangi ya samawati, na chini yake nimeandika jinsi mwanafunzi anavyoiwasha. Ukaniuliza kama nimewahi kuiwasha. Nikasema mwalimu wetu huichora ubaoni kwa chaki. Ukaniuliza mtihani unataka nini. Nikasema mtihani unataka tuiwashe. Ulilifunga daftari polepole, kama mtu anayefunika chakula kilichoharibika.

Kesho yake ulikwenda ofisini kwa Mwalimu Mkuu, mama yule mkali wa miwani yenye mnyororo, aliyeianzisha shule ile katika ghala la zamani na meza sita za kuazima. Mlisimulia wenyewe baadaye kila mlipokutana, kwa hiyo tunayajua maneno yote.

"Mwalimu, maabara inalala Jumamosi nzima," ulimwambia.

"Hailali, inapumzika."

"Basi imepumzika ya kutosha."

Akakupa Jumamosi nne za majaribio. Zilipokwisha hakuna aliyekumbuka kuzihesabu, na ninashuku Mwalimu Mkuu alisahau kwa makusudi.

Jumamosi ya kwanza tulifika kumi na mmoja. Tuliingia kwa mlango mdogo wa nyuma, na tulipoona sakafu inavyong'aa tukavua viatu bila kuambiwa. Ulicheka mpaka ukakohoa. "Vaeni, jamani! Asidi haichagui mguu wa tajiri wala wa maskini." Ukatupanga wawili wawili, mmoja wa ndani, mmoja wa nje. Mwenzangu alikuwa binti wa daktari. Alijua jina la kila chombo na hakujua kuosha hata kimoja, mimi nilijua kuosha vyote na sikujua vinaitwaje. Tukafundishana, tukagombana, na mpaka leo ni rafiki yangu.

Na mlango ukishaachwa wazi kidogo, watu hawaishi. Timu ya vijana ikaomba uwanja jioni. Msiba ukinyeshewa, watu wakapewa ukumbi. Mshonaji wa pale kona, ambaye zamani aliziona sare za shule zikiletwa na gari kutoka mjini, akapewa kuzishona yeye, akaajiri na wasichana wawili. Nao watoto wa ndani wakaanza kutoka nje, wakakaa kwa seremala na kwa dobi wakiuliza maswali ya ajabu. Mama akapunguza utani wake, ingawa hakuuacha kabisa.

Sasa tuseme lile ambalo ulipokuwa hai hatukulisema kwa sauti.

Dobi ndiye jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Mdogo wako kwa miaka kumi hivi, mtu wa maneno machache na pasi nzito. Siku zile alikuwa haingii kwetu kwa hodi. Alisukuma mlango, akafunua chungu, akaonja, akatoa maoni yake kuhusu chumvi, ndipo akasalimia. Wewe na yeye mlikaa nje jioni mkibishana mambo yasiyo na kichwa wala miguu, kama sabuni ina akili au haina. Yeye alisema inayo.

Mwaka wa pili wa Jumamosi zile ulitupa kazi. Kila mtu alete maji ya kwao, tuyapime. Unaingiza dawa kidogo kwenye chupa, unafunika, unaiacha mahali penye joto siku mbili. Maji yakibaki meupe, salama. Yakigeuka meusi, yana vijidudu vya chooni. Watoto wa ndani walileta ya mabomba ya kwao. Sisi wa mtaani tulileta ya kisima cha ukutani, kile cha mkono, kilichokuwa kinatunywesha nyumba zaidi ya arobaini.

Jumatatu ulifungua kabati ukiwa peke yako. Chupa za ndani zilikuwa nyeupe. Zetu zote zilikuwa nyeusi tii.

Jioni ile ulimwambia Mama achemshe maji ya kunywa.

"Kuna nini?"

"Chemsha tu, mama watoto."

Akachemsha. Hukusema zaidi, na hukusema kwa mwingine yeyote. Kipimo cha kwanza ni tetesi. Ukachota tena ukapima, Jumatano zikawa nyeusi. Ukapima mara ya tatu, Ijumaa zikawa nyeusi. Na katikati ya hapo, Alhamisi, binti mdogo wa dobi, wa miaka miwili, akapelekwa hospitali anaharisha na kutapika. Mama alitoka kumwona akarudi amejishika kiuno. "Macho yameingia ndani," alisema. "Hana hata machozi ya kulia." Ulikuwa unakula. Uliisukuma sahani mbele, ukatoka ukaenda kusimama uani. Ndipo Mama alipokitazama chungu chake cha maji yaliyochemshwa, akakutazama wewe kupitia dirishani, na hakuuliza.

Tunajua uliogopa nini, maana ulikuja kutuambia mwenyewe. Shimo la vyoo vya shule lilikuwa ndani ya ukuta, hatua ishirini tu kutoka kisimani. Uliogopa kwamba ukisema na ukakosea, mlango mdogo utafungwa kwa uzushi wako. Ukisema na ukawa sahihi, utafungwa vilevile, kwa aibu ya wenyewe. Watoto wa mtaa wangerudi kuwasha moto wa chaki. Na mkate wetu ulitoka humo humo. Basi ukajiambia utafute kwanza hakika ya mwisho, ile ambayo haina mjadala.

Ijumaa jioni, wanafunzi walipokwisha kuondoka, ulichukua kopo la rangi ya kijani kabatini, ile isiyodhuru ambayo mafundi wa mabomba hutumia kutafutia mahali panapovuja. Ukaimimina yote kwenye choo cha walimu, ukaisukuma kwa ndoo kumi za maji. Hukumwambia Mwalimu Mkuu. Ulipanga kila alfajiri uwe wa kwanza kisimani, uchote, utazame.

Jumamosi tulikuja. Rafuni kulikuwa na chupa nyeupe tu, zenye majina ya watoto wa ndani. Msichana mmoja mwembamba wa shule yetu, muulizaji wa maswali, akasema, "Zetu ziko wapi?"

"Hazikuoshwa vizuri. Tutarudia."

"Zetu tu ndizo hazikuoshwa?"

Ukageuka ukaanza kufuta meza iliyokuwa safi. Msichana yule leo ni mpimaji katika idara ya maji. Alikuja msibani akatuambia kwamba siku ile ndiyo aliyochagua kazi yake, kwa hasira.

Kosa ulilolifanya, Baba, ni fundi wa maabara tu angelifanya. Ulikokotoa rangi itachukua siku ngapi kupita udongoni, ukapata tatu, na ulikuwa sahihi. Ulichosahau ni kwamba dobi huamka kabla ya fundi. Jumatatu alikuwa na mashuka ya zahanati, akachota gizagiza, akafua, akasuuza, akaanika. Jua lilipotoka, kamba zote za uani kwake zilikuwa za kijani kibichi. Ungedhani ameanika bustani.

Ulikuta watu wamejaa kisimani. Dobi alikuwa katikati, ameshika shuka kwa mikono miwili, hajalala kwa siku nne kwa kukesha hospitali. Mtu mmoja alishasema sumu, na neno lilikuwa linakimbia nyumba hadi nyumba. Ulipenya na koti lako jeupe.

"Si sumu," ulisema. "Inatoka ukiifua tena. Ni mimi niliyeitia."

"Umeitia kisimani?"

"Nimeitia choo cha shule. Ijumaa. Imetokea hapa."

Kila mtu alipiga hesabu zake tumboni. Kisha mshonaji akapaza sauti: "Yaani ada walipe wao, choo tukinywe sisi!" Wengine wakacheka, kicheko kile cha watu ambao wakiacha kucheka watavunja kitu.

Dobi hakucheka. "Ulianza kujua lini?"

Ungeweza kusema leo. Nilikuwa nimesimama nyuma yako, na nilitamani useme leo.

"Jumatatu iliyopita," ulisema.

"Na kwako mlikuwa mnakunywa?"

"Tulikuwa tunachemsha."

 Dobi akalikunja lile shuka bichi, pembe kwa pembe, kama linalokwenda kwa mteja, akaondoka. Hakukutukana, na mimi nilijua kwamba laiti angekutukana ingekuwa nafuu yako.

Mlango mdogo ulikuwa wazi, na Mwalimu Mkuu alikuwa amesimama hapo na miwani yake mkononi. Alikuwa amesikia yote. Akakuita ndani. Mama aliposikia umeitwa, alikaa jikoni akaanza kuchambua mchele ambao alishauchambua. Uliporudi alikwambia neno moja tu: "Ngoja ngoja yako, baba watoto, imeumiza matumbo ya watu kweli." Ukasema ndiyo.

"Ungenijia mimi kwanza," ndivyo alivyokwambia Mwalimu Mkuu. "Siku ya kwanza, na hiyo chupa moja."

"Nilitaka hakika."

"Mtoto wa mtu akitapika mimi sihitaji hakika. Nahitaji kuambiwa."

 Akakuuliza yule mtoto anaendeleaje. Kisha akachukua glasi ya ofisini, akatoka nayo mwenyewe kwa viatu vyake vya kisigino mpaka kisimani, akachota. Siku hiyo hiyo bomba la kisima kirefu cha shule likavutwa kwa mpira kupitia mlango mdogo, na walinzi wakaambiwa yeyote mwenye ndoo asizuiwe. Na Jumamosi akaita wazazi.

Tulichungulia madirishani, mtaa mzima. Aliiweka ile glasi ya maji ya kijani juu ya meza ya mbele, akaiacha hapo mpaka wakachoka kuitazama. "Hii ni yetu," alisema. "Imetoka kwetu, imekwenda kwao."

Mzazi mmoja mwenye suti akasimama, akasema kwa adabu kwamba wanasikitika sana, lakini wao wanalipia watoto wao, hawalipii mtaa.

"Mpishi anayempikia mwanao anatoka wapi, Mzee?" Mwalimu Mkuu akamuuliza. "Mlinzi anayemshika mkono kumvusha barabara? Aliyemshonea hiyo sare? Wote wanakunywa kisima hiki. Wakilala wao, Jumatatu utaifungua shule wewe?"

Wengine walipiga makofi. Wengine waliwahamisha watoto muhula uliofuata, na hilo nalo tuliseme lilivyo. Lakini shimo la zamani likanyonywa na kufukiwa, jipya likachimbwa upande wa bondeni, mbali, likajengewa. Ule mpira ukageuka bomba la chuma lililotoboa ukuta, na nje kukawekwa mabomba manne na sakafu ya saruji, hayafungwi mchana kutwa. Mlango mdogo haukufungwa. Ila Mwalimu Mkuu alisema kuanzia sasa Jumamosi mpime visima vyote vya mtaa, na majibu yabandikwe getini siku yanapotoka, yawe mazuri yawe mabaya, bila kungoja cha pili wala cha tatu.

Na wewe akakupa barua ya onyo, kwa kutumia mali ya maabara bila ruhusa na kwa kunyamaza. Uliiweka kwenye faili pamoja na vyeti vyako. Kaka alipokuuliza kwa nini huichani, ulisema hiyo ndiyo karatasi pekee katika faili lile iliyoandikwa na mtu anayekujua.

Hayo ndiyo mtaa unayoyasimulia, na mtaa unayasimulia kwa kucheka, hasa mashuka. Shule ile ikitajwa leo watu hawasemi ukuta, wanasema bombani. Lakini wewe hukuwa unacheka.

Binti wa dobi alitoka hospitali baada ya siku tisa, amebaki macho na masikio, lakini mzima. Ulikwenda kwao ukiwa umevaa shati la kutokea. Ulimwambia dobi: "Nilikukosea. Nililinda nyumba yangu, yako nikaiacha. Nisamehe, mdogo wangu." Dobi akasema, "Haya, kaka." Akaendelea kupiga pasi. Ukangoja, ukaona hakuna zaidi, ukaondoka.

Tangu siku hiyo alikuamkia kila asubuhi kwa heshima zote. "Shikamoo, kaka." "Marahaba, mdogo wangu." Lakini hakuusukuma tena mlango wetu, na chungu chetu kikakosa mkaguzi. Kukiwa na shughuli alikuja, akakaa kwenye viti vya wageni.

Ndipo ulipoanza. Kila Jumamosi, kabla ya kisima chochote na nyumba yoyote, ulikwenda kwa dobi na chupa yako, ukachukua maji ya mtungi wake, na Jumatatu ukampelekea majibu kwenye karatasi, mkononi. Maji yenyewe yalikuwa ya bomba lile lile tunalokunywa wote. Hayakuwa na haja ya kupimwa kila wiki. Mvua inyeshe, una homa, ni sikukuu, ulikwenda. Miaka kumi na miwili. Yeye alikuwa akipokea karatasi, akiitazama, akisema, "Ahsante, kaka."

"Hajanisamehe," ulimwambia Mama mara nyingi.

"Umemwomba?"

"Nilimwomba."

"Basi msamaha ni wake. Mwachie autoe kwa wakati wake."

Hilo ndilo tuliloogopa kulitaja mbele yako. Ulikufa hujui, Baba. Jumamosi ya mwisho ulichukua chupa, Jumatatu ukapeleka karatasi, Alhamisi ukaondoka. Msibani dobi alikubeba begani, mbele upande wa kulia, akazika, akanawa mikono, akaenda zake. Tukasema ndiyo hivyo, wengine huondoka na deni la moyo, na sisi watoto hatuwezi kulilipa.

Juzi tulikaa kuandika haya. Mama akasema kabla ya kumtaja mtu ni lazima aombwe ruhusa, hata kama ni kwa mema. Nikatumwa mimi. Nilimkuta uani anapiga pasi, binti yake yuko pembeni anakunja. Ana miaka kumi na mitano sasa, mrefu kama mlingoti, na ukimwona huwezi kuamini. Nikamsomea dobi hayo mliyokwisha kuyasikia hapo juu, yote, pamoja na chungu cha Mama cha maji ya kuchemsha. Alisikiliza pasi ikiwa imesimama. Nikadhani nimemuudhi.

"Nilikasirika miaka miwili," alisema mwishowe. "Kweli nilikasirika, nisikudanganye. Mwaka wa tatu hasira ikaisha, sijui ilikokwenda."

"Sasa mbona hukumwambia, Baba Mdogo?"

Neno hilo lilinitoka tu. Ndivyo tulivyokuwa tukimwita zamani.

"Niliona haya. Mtu amekuja kwako mia na mia, na wewe umekaza shingo, utaanzaje? Kila Jumamosi namwona anakuja na hiyo chupa, najiambia leo nitamwambia aweke chini hiyo chupa, akae, tunywe chai. Halafu anaondoka. Nasema, aa, kuna haraka gani. Jumamosi ijayo si atakuja?"

Binti yake aliacha kukunja. Mimi nilikuwa nalia, na sitaki kusema yeye dobi alikuwa anafanya nini, kwa kuwa ameniomba nisiandike.

Nilipoinuka akaniuliza mwishoni mwa maandishi haya tutaweka nini. Nikamwambia majina ya wanaokukumbuka, kama ilivyo desturi, ndugu kwanza, halafu marafiki, halafu majirani.

"Na mimi mtaniweka wapi?"

"Kwa majirani, Baba Mdogo. Wa kwanza kabisa."

"Nitoe hapo," alisema. "Niweke juu."

Basi, Baba, tumeweka kama alivyosema.

Wanaokukumbuka ni mkeo, uliyemposa mara tatu; mdogo wako, dobi; dada yako; wanao watatu, Kaka dereva, mimi mwenye mdomo, na kitinda mimba wako anayejifunza ualimu; wakweo wawili; wajukuu wanne, na wa tano yuko njiani; Mwalimu Mkuu mstaafu; na watoto wote wa Jumamosi, wa ndani na wa nje.

Maisha yetu yote tutakuwa nawe moyoni. Na mdogo wako amesema tukwambie alikwisha kukusamehe zamani.